Masomo Arobaini na Kifungo Kimoja

Mwanangu hunipigia simu kila Jumapili saa kumi, nikishamaliza vyombo na kabla Wifi hajawasha redio. Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Tunaishi naye kwenye vyumba viwili: kimoja tunalala, kimoja kina cherehani yangu, meza ya kukatia na viti viwili vya wateja. Simu naiegemeza kwenye kopo la vifungo, naweka kipande cha kitambaa chini ili isiteleze, kisha nakaa na kungoja sura yake.

Binti yangu huyo yuko mbali, nchi ya watu wanaoongea Kihispania. Anafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Aliolewa hukohuko na mwokaji mikate, wakahamia nyumba moja na mama wa mume. Huyo mama ndiye mkwe wangu. Hatujawahi kushikana mikono. Ninachokijua kwake ni nywele fupi za mvi, miwani yenye kamba shingoni, na aproni yenye mfuko mmoja uliofumuka upande wa kushoto, ambao mikono imekuwa ikiniwasha kuushona siku zote.

Shida ilianza hivi. Zamani mwanangu alikuwa akipiga simu anatembea nayo. Mara ananionyesha sufuria, mara dirisha, mara soksi za mumewe zimeanikwa kwenye kamba. Nilikuwa napata kizunguzungu. Halafu ghafla akaacha kutembea. Jumapili ya kwanza nikamwona amekaa kwenye kiti cha kijani chenye mgongo mrefu, blanketi magotini. Jumapili ya pili, kiti kilekile. Ya tatu, ya nne. Akitaka maji, mkwe ndiye anamletea. Nami simjui mwanangu kuwa mtu wa kuletewa maji.

Na huyo mkwe akishaweka kikombe, anainama mbele ya simu na kuanza kuniambia maneno. Anasema kwa dakika nzima, dakika mbili. Anakunja uso, anaweka mkono kifuani, ananyoosha kidole pembeni. Akimaliza namuuliza mwanangu, "Anasemaje?"

"Anakusalimu, mama."

"Salamu gani ndefu hivyo?"

"Ndivyo wanavyoongea huku. Wana maneno mengi."

Nikamwambia amrudishie salamu. Lakini mimi nimepima watu nguo miaka arobaini na mbili. Mtu akivuta tumbo ndani wakati wa kupimwa, nalijua. Mwanangu alikuwa amevuta tumbo ndani.

Nikataka kitu kimoja tu: kumsikia mkwe kwa masikio yangu, bila mwanangu kukaa katikati. Nijue mwanangu ana nini.

Nikaenda kwa Fundi Simu. Ni binti mwenye kibanda kando ya mshona viatu, anavaa miwani mikubwa na daima ana bisibisi nyuma ya sikio. Nikamwambia nataka kujifunza Kihispania, na Wifi asijue sana.

"Bibi, kwani unasafiri?"

"Nasafiri kwenda wapi na magoti haya? Nataka kusikia tu."

Hakucheka. Akanitafutia masomo ya video, arobaini, ya mwalimu kijana anayefundisha kwa Kiswahili, akayaweka yote kwenye kadi ya simu yangu ili nisimalize bando. Akanionyesha orodha.

"Anza hapa juu, bibi, teremka taratibu. Moja kwa siku inatosha. Lile gumu usilolielewa, lirudie."

Nikaanza juu.

Mwalimu alitokea amesimama mbele ya ubao mweupe. Shati la bluu la mistari, kola imepigwa pasi vizuri, lakini kifungo cha pili kutoka juu hakipo. Uzi tu. Nilianza kuangalia kile kifungo kabla sijasikia neno.

"Karibuni tena," akasema. "Kama mnavyokumbuka kutoka somo lililopita, wakati uliopita uko wa aina mbili."

Mimi sikukumbuka chochote. Nikaendelea kumsikiliza. Akasema kuna jambo lililotokea mara moja likafungwa, na kuna jambo lililokuwa likiendelea tu, halina mlango. Nilikula, nilikuwa nakula. Akaandika ubaoni, akachora mishale, akafuta, akachora tena. Akasema neno *fui* ni nilikwenda, na *fui* hilohilo ni nilikuwa. Nikasimamisha video nikamtazama. Kijana wa watu, mdomo wazi, kalamu juu. Nikamwambia, "Sasa baba, mtu akiniambia hivyo nitajuaje kama alikuwa au alikwenda?" Nikarudia somo lile mara nne. Nilipomaliza mara ya nne nilikuwa najua kidogo kuliko mara ya kwanza.

Mtu mwingine angeshtuka, akasema hapa kuna kasoro. Mimi sikushtuka, na sababu yake ni shangazi yangu. Nilipomaliza darasa la saba nilipelekwa kwake kujifunza ushonaji. Siku ya kwanza akanipa koti kuukuu na wembe. Akaniambia, "Usishone. Fumua." Mwezi mzima nilifumua. Unaanza na kilichoshonwa mwisho: vifungo, kisha pindo, kisha kola, kisha mikono, na mabega mwisho kabisa. Kila siku nilikuwa gizani, sijui kipande hiki kinaenda wapi, na yeye haelezi. Siku nilipofika mabegani ndipo nikaliona koti zima kichwani mwangu. Basi nikadhani na huyu mwalimu ni fundi wa aina ya shangazi. Anatufumulia. Nikikaa kimya nikavumilia, mabega yatakuja.

Nikachukua daftari langu la vipimo vya wateja, nikaligeuza, nikaanza kuandika kwa nyuma. Niliandika kwa sikio langu. Ubaoni limeandikwa hivi, yeye anatamka vile, nami nikaona nisigombane na ubao. *Se kayo*, alianguka. *No keria*, hakutaka. *Ke paso*, kulitokea nini. *Iha*, binti, ila ile *h* inatoka kooni kama mtu aliyemeza mwiba.

Wifi alinifuma siku ya tatu.

"Wifi, unajifunza lugha au unajifunza kikohozi?"

"Niache."

"Nikuache? Mtu mzima anakaa na simu anaiambia *khe, khe*. Mteja akiingia atasema ameingia wodini."

"Mteja akiingia mpokee wewe."

"Acha hayo mambo. Presha yako umeisahau? Daktari alisema upumzishe kichwa."

Hilo la presha alilirudia kila siku, asubuhi na mchana. Nikaona ni utani wa mawifi wa kawaida, maana tangu niolewe hajawahi kunipa siku nzima ya amani. Siku nyingine alikuwa anaificha chaja. Nikiiulizia, anainua mto wake anashangaa kuikuta pale.

Wiki zikaenda. Kichwa changu kilikuwa kama droo ya vipande: rangi zote zipo, nguo hakuna. Nilijua kusema "tulikuwa tukiimba" lakini sikujua kusema "naimba". Nilijua "kama ungaliniambia", ambalo mwalimu alilifundisha kwa jasho, lakini sikujua "niambie". Na kila somo anasema, "Hili tulishaliona." Mlishaliona nyie na nani?

Kilichonikera zaidi ni salamu. Masomo ishirini yamepita, salamu hakuna! Ningeanzaje kumvaa mkwe kwa maswali bila hata kumjulia hali? Mkwe si mtu wa kukutana naye ukaanza, "Mwanangu ana nini?" Hata dalali wa viwanja huwa anaamkia kwanza. Nikasema nitamngoja mwalimu afike kwenye salamu, kisha Jumapili hiyohiyo nitazungumza. Jumapili mbili zikapita nikiwa nangoja.

Ile ya pili nilitega sikio. Mkwe akainama kama kawaida yake, akaanza. Maneno yalipita kama gari moshi, lakini nikalidaka moja, likapita tena, nikalidaka tena. *Iha*. *Su iha*. Binti. Binti yako. Mara tano katika pumzi moja.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anakusalimu."

"Kwenye salamu, binti yangu anatafuta nini?"

Mwanangu akakohoa. "Anasema... binti yako anakusalimu. Yaani mimi. Nakusalimu, mama."

"Wewe si tumeshaamkiana?"

"Basi ndio tena."

Wifi, aliyekuwa amekaa nyuma yangu akichambua maharage, akaangusha ungo. Maharage yote chini. Simu ikakatwa tukiwa tunaokota, na nilipouliza mbona ameuangusha, akasema ungo umezeeka.

Jumanne yake nikafungua somo jingine. Mteja mmoja alikuwa ameleta suruali ya kupunguza kiuno, nikaiweka pembeni. Mwalimu akatokea, shati lilelile la bluu. Nikasogeza simu karibu na macho. Kifungo cha pili kilikuwepo. Kinaning'inia.

Nikavua miwani nikaifuta. Nikaangalia tena. Kifungo kile cheupe chenye matundu manne kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja, na kila akiinua mkono kuandika, kinacheza.

Nikalitafakari jambo hilo. Kifungo kikikatika kinakatika. Akikirudisha, kitakuwa kimekaza. Hakuna duniani kifungo kinachopotea wiki tano halafu kinarudi kuning'inia kwa uzi uleule wa zamani. Nikaruka masomo matano kwenda chini. Kifungo kimekaza kama siku ya duka. Nikaruka hadi mwisho wa orodha, somo la chini kabisa. Shati jipya, mikunjo ya boksi bado inaonekana, na mwalimu mwenyewe hana hata ndevu. Akatabasamu kwa woga, akasema, "Karibuni. Hili ni somo letu la kwanza."

Nilizima simu. Nikaona haya, kama mtu aliyeingia msibani amevaa gauni kichwa chini. Wiki tano nimekuwa nikitembea kinyumenyume na kusalimia ukuta. Orodha ya simu ilikuwa imeweka la mwisho juu. Fundi Simu hakujua, nami nilimfanya mwalimu kuwa shangazi yangu. Nikasema kesho nikiamka naanza upya, somo la kwanza, salamu, taratibu. Jumapili nitakuwa tayari.

Kesho yake, Jumatano, kabla ya saa nne, nilikuwa nimeweka ile suruali kwenye cherehani ili nimalize kwanza kazi ya mteja. Simu ikalia. Mwanangu hajawahi kupiga Jumatano. Nikabonyeza, na sura niliyoiona haikuwa ya mwanangu. Ilikuwa ya mkwe. Peke yake. Jikoni, mlango umefungwa nyuma yake. Na alikuwa ananong'ona.

Akasema maneno mawili, akangoja. Akayasema tena. Nadhani ndiyo yalikuwa salamu. Sikuwa na la kuyajibu. Mikono yangu ilikuwa bado imeshika suruali ya watu. Nikatazama mlango uliofungwa nyuma ya bega lake, nikatazama midomo yake, nikajua sina tena siku ya kungoja somo la kwanza. Nikamvaa mkwe wangu bila salamu, bila shikamoo, bila chochote.

"*Ke paso?*" nikasema. "*Mi iha. Ke paso?*"

Miwani ilimwanguka ikabaki kwenye kamba. Alinitazama kama mtu aliyesikia kabati linaongea. Kisha akaanza, kwa kunong'ona bado, lakini polepole, akinitazama machoni, neno, neno. Nami nikadaka.

*Se kayo.* Alianguka.

Akaonyesha kwa vidole viwili vikishuka hewani. Ngazi. Akasema kitu sikukijua, kirefu. Halafu *no keria, no keria*, akaweka kidole mdomoni. Hakutaka. Halafu *mama*. Hilo halihitaji somo.

Suruali nikaiachia ikaanguka. Maana yote niliyoyaelewa yalikuwa ya zamani. Alianguka. Hakutaka. Alikuwa. Ndivyo watu wanavyomzungumzia mtu gani, kwa kunong'ona, mlango umefungwa? Nikatafuta kichwani namna ya kuuliza: yuko wapi, yuko mzima, anapumua? Hakuna. Hayo yote yalikuwa chini ya orodha, kwenye masomo ambayo sikuyafikia. Nilikuwa na jana tupu mkononi, leo sina hata neno moja.

"Wifi!" nikapiga kelele. "Wifi, njoo! Mtoto ameanguka!"

Wifi akaja mbio na mkono umejaa povu la sabuni. Akaona sura kwenye simu. Hakuuliza nani ameanguka. Hakuuliza wapi. Akaketi kwenye kiti cha wateja na kusema, "Yarabi, kakwambia."

Nilimgeukia. "Kaniambia nini?"

"Habari ya mguu."

"Mguu gani?"

"Wifi, usinitazame hivyo. Mguu unapona. Nilimwambia mimi asikwambie, kwa sababu ya presha yako. Nilikuwa sitaki kukuokota sakafuni."

Mkwe akapunga mkono mbele ya simu ili nimtazame. Akatabasamu, jambo ambalo nililiona geni kabisa kwa dakika ile. Akainuka. Simu ikatikisika, nikaona dari, nikaona taa, nikaona mfuko wa aproni uliofumuka. Akafungua mlango polepole kama mwizi na kunigeuzia simu upande wa pili.

Ilikuwa njia ndefu ya ndani ya nyumba, yenye vigae vyeupe. Mwisho wake kile kiti cha kijani. Na mwanangu alikuwa amesimama. Mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye fimbo ya chuma yenye mpira chini. Mguu wa kulia una kovu refu kutoka gotini kushuka, limeshonwa mshono wa karibukaribu; hata kwa mbali niliona aliyeshona anajua kazi. Alikuwa anatazama chini, ulimi nje kidogo pembeni ya mdomo, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa anajifunza kutunga uzi kwenye sindano.

"Mwanangu!"

Akainua kichwa. "Mama? Nani kakupigia?" Kisha akamwona mkwe wake nyuma ya simu, akasema kitu kwa Kihispania, kirefu, na mimi sikuhitaji tafsiri kujua kwamba alikuwa anamgombeza. Mkwe akajibu maneno matatu tu na kuketi kwenye kigoda, simu juu, hana habari.

"Anasemaje?" nikauliza.

Safari hii mwanangu hakuvuta tumbo ndani. "Anasema yeye pia ni mama."

Akalia kidogo. Mimi pia. Akaniambia yote akiwa ameegemea ukuta: mashuka mikononi hadi kidevuni, ngazi iliyolowa, chuma mguuni, miezi mitatu. Kwamba mkwe amekuwa akiniambia kila Jumapili, hatua kwa hatua, na yeye amekuwa akiyageuza yote kuwa salamu. Leo ni mara ya kwanza anajaribu kutoka ukutani hadi kwenye kiti bila kushikwa, na mkwe amekataa jambo hilo litokee bila mimi kuliona.

"Lakini mama, umejuaje kumuuliza kilichotokea?"

"Nimesoma."

"Umesoma wapi?"

"Tembea kwanza, nitakueleza."

Akaachia ukuta. Mkwe akaanza kuhesabu kwa sauti, *uno, dos*, nami namba zao sizijui, ziko chini ya orodha pamoja na salamu, nikahesabu zangu. Moja. Mbili. Wifi akasimama nyuma yangu, povu likimdondoka sakafuni, akahesabu na yeye, na kwa kuwa Wifi hawezi kukubaliana na mtu, akawa mbele yangu kwa moja. Mwanangu akasimama katikati, akayumba. Tukanyamaza wote, nchi zote mbili. Akashika fimbo vizuri. Akaendelea. Akafika, akageuka, akaketi kwenye kiti cha kijani kwa kishindo.

"Kumi na moja!" nikasema.

"Kumi na mbili," akasema Wifi. "Ile ya kuyumba ni hatua."

Mkwe akasema namba yake.

"Anasema kumi na nne," mwanangu akasema, akihema.

"Kumi na nne imetoka wapi? Mwambie anahesabu na fimbo!"

Akamwambia. Mkwe akatikisa kichwa, akainua vidole, akavikunja kimoja kimoja kwa hasira. Wifi akainua vyake. Mimi nikachukua chaki nikachora mistari kwenye meza ya kukatia, nikajikuta sasa nina kumi na tatu. Hakuna aliyejua tena ni ngapi. Mwanangu alikuwa anacheka huku ameshika mbavu.

"Kabla ya yote," nikamwambia, "nifundishe salamu. Nimemvaa mkwe mbele ya mlango wake kama polisi. Muombe radhi."

"Mama, unajua kuuliza kilichotokea, hujui salamu?"

"Ni habari ndefu, ina kifungo ndani yake. Nifundishe."

Akanifundisha. *Buenos dias.* Nikaisema mara tatu, nikainamisha kichwa mbele ya simu kama inavyompasa mtu na mkwe wake. Mkwe akainamisha chake. Kisha akasema jambo, akionyesha ukuta wa kule mwanzo, na uso wake haukuwa na utani hata chembe.

Mwanangu akaugulia. "Mama, anasema hesabu haijakubaliana. Anasema nirudie."

Nikaichukua chaki, nikafuta meza kwa kiganja.

"Rudia," nikasema. "Wifi, wewe nyamaza kwanza."

Akashika fimbo, akainuka.